Picha Ikikatwa, Nani Hubaki Nje?



Msimu wa harusi ukifika, simu zetu hujaa picha kutoka bara. Jamaa zetu wengi wa pwani wana watoto na wakwe Nyeri, Nanyuki, Karatina, Embu na Meru, na wengine wamekwishakaa huko vizazi kadhaa. Na kwa kuwa Mlima Kenya uko pale pale, ni nadra kupata harusi au ziara ya watoto isiyopigiwa picha mlima ukiwa nyuma. Zinapotufikia huku kwetu, picha hizo aghalabu zimeshakatwa: kingo zimepunguzwa, kilichoonekana kuwa uchafu kimetolewa, na waliobaki wamepangika vizuri.

Wiki hii tumependa tuzungumze juu ya mkato huo. Hatuingii katika khitilafu ya maulamaa kuhusu picha yenyewe. Hiyo ina mahali pake, na waliotutangulia katika elimu wameieleza. Tunazungumza na yule ambaye picha ameshaipiga, na kidole chake ki juu ya kioo cha simu, akiamua nini kibaki na nini kiondoke.

Tuanze na lililo jema. Kupunguza kingo za picha ni kazi ya kawaida ya wapiga picha, na ina kanuni zake. Mlima Kenya una kimo cha mita 5,199, lakini katika picha ya simu huonekana kama kichuguu kando ya uwanja, kwa sababu mbingu na nyasi zimechukua nafasi yote. Ukipunguza mbingu iliyozidi juu na nyasi zilizozidi chini, mlima hurudiwa na ukubwa wake. Wapiga picha huigawa picha mafungu matatu kwa upana na matatu kwa kimo, kisha huliweka jambo kuu juu ya mmojawapo wa mistari hiyo badala ya kuliweka katikati kabisa. Ndiyo maana simu nyingi huonyesha mistari hiyo mtu anapoanza kukata. Huacha nafasi mbele ya uso wa mtu, upande anaoutazama, asije akaonekana kama aliyesimamishwa akitazama ukuta. Wala hawapitishi mkato kwenye kiungo cha mwili: kwenye kifundo cha mkono, kwenye goti au shingoni, kwani mtazamaji huhisi kana kwamba kiungo chenyewe kimeng'oka. Ikibidi, hukata baina ya kiungo na kiungo.

Iko hesabu pia. Picha za simu nyingi zina uwiano wa 4 kwa 3, na karatasi ya kawaida ya kuchapishia ni inchi 6 kwa 4. Vipimo hivyo havilingani. Basi mashine ya studio ikiijaza karatasi hadi ukingoni, huondoa sehemu moja katika tisa ya picha bila kumwuliza mtu. Picha iliyopigwa simu ikiwa imesimama wima hupoteza pembeni, na iliyopigwa simu ikiwa imelazwa hupoteza juu au chini. Tena kila ukatapo, picha hupungua nguvu. Picha ya megapikseli 12 ikibakishwa nusu ya upana wake na nusu ya kimo chake hubaki na megapikseli 3. Hizo zatosha karatasi ya inchi 6 kwa 4. Hazitoshi picha kubwa ya kutundika sebuleni.

Upo pia mkato ulio bora kuliko kuacha. Katika sherehe ya wanawake, mmoja amepita nyuma akiwa hana buibui. Mtoto anaogeshwa uani. Mama ananyonyesha pembeni, hajui kwamba ameingia katika picha ya watu. Mgonjwa amelala kitandani nyuma ya wageni waliokuja kumtazama. Mwenye kuwatoa watu hao katika picha amewasitiri, na sitara ni katika adabu zetu kubwa.

Lakini kina mama na mabinti wajue kwamba kukata si kufuta. Mwezi wa Machi 2023 watafiti wawili, Simon Aarons na David Buchanan, walifichua kasoro katika simu za Pixel za Google. Picha ya kioo cha simu iliyokatwa kwa programu ya simu hizo ilikuwa ikibaki na data ya zamani mwishoni mwa faili, na aliyejua njia aliweza kurudisha sehemu ya kile kilichokatwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini picha zilizokwishatumwa kabla ya hapo hazikuweza kuitwa zirudi. Kadhalika, picha ikikatwa ndani ya hati ya Word, sehemu iliyofichwa hubaki humo mpaka mtu aamuru ifutwe. Kwa hiyo picha yenye aibu ya mtu haitoshi kuikata. Iliyo salama ni ile isiyotumwa kabisa.

Sasa tuje kwenye maana. Sisi tuliosoma madrasa tulifunzwa mapema kwamba kisomo kina vituo, na kwamba vituo havilingani. Kiko kituo kilichotimia, kiko kizuri, na kiko kituo kibaya, ambacho msomaji akisimama hapo maana huharibika ingawa hakubadilisha hata herufi moja. Mfano ambao kila mwalimu huutoa ni wa Suratul-Maun. Anayeishia kwenye aya ya nne, akafunga msahafu, huwaacha wasikilizaji na onyo juu ya wanaoswali. Ni aya ya tano inayobainisha kwamba wanaokusudiwa ni wale wanaoghafilika na swala zao. Kila alichokisoma ni kweli, na alichokifahamisha si kweli.

Mkato wa picha ni kituo cha namna hiyo. Hauongezi kitu, haubadilishi rangi ya kitu, na kila kilichobaki ndani kilikuwapo kweli. Kwa sababu hiyo mkataji hujiona hana hatia. Lakini mtazamaji haoni ukingo kuwa ni mkato; yeye hudhani kwamba picha imeishia pale walipoishia watu. Ndivyo wanavyofanya baadhi yetu wanapokata picha ya mazungumzo ya simu, wakamtumia wifi neno la wifi mwenzake bila swali lililotangulia, na nyumba mbili zikaacha kuamkiana kwa ajili ya nusu ya mazungumzo. Suratul-Hujurat imetufunza kuihakiki habari kabla ya kuitendea kazi, na katika zama hizi kuhakiki ni pamoja na kuuliza: pembeni ya hii kulikuwa na nini?

Tulipokuwa Nyeri tuliletewa jambo moja la kifamilia. Pande zote mbili zilitusimulia, nazo zimeturuhusu tuliandike bila majina, ili wengine wanufaike.

Kijana wa huko aliyesilimu miaka kadhaa nyuma alimwoa binti wa pwani. Mama yake kijana hakusilimu. Yu katika kanisa lake hadi leo. Hata hivyo siku ya walima aliamka kabla ya alfajiri kuwapikia wageni chai, akajifunga kitambaa kichwani kwa heshima ya wakwe zake, akatoka uani pamoja na wanawake wengine kupiga picha. Mjini Nyeri mtu anayeelekea kibla huwa na mlima mbele yake, upande wa kulia. Aghalabu huonekana asubuhi mapema, na jua linapopanda mawingu huufunika. Kwa hiyo watu walipangwa kwa haraka kabla mlima haujajificha. Hakuna aliyemwambia mama yule asimame wapi, naye akasimama mwisho wa safu. Nyuma yake palikuwa na tangi jeusi la maji na kamba ya nguo.

Jioni, mdogo wake bibi harusi akaketi na simu yake. Alimwona dada yake, akauona mlima, akaliona na tangi. Akakata upande ule. Kwa haki ya ufundi, ilikuwa picha nzuri: mlima juu ya mstari wake, bibi harusi juu ya wake, na leso za rangi zikishuka kwa mpango. Akaituma kwa jamaa wa pwani na kwa jamaa wa Nyeri. Mama wa kijana hakuiona kwanza katika simu yake mwenyewe. Aliiona katika simu ya jirani, ambaye alimwuliza kwa mshangao, "Kwani wewe hukualikwa?"

Hakumlalamikia mtu. Aliacha tu kwenda kwa mwanawe siku za Jumapili jioni kama ilivyokuwa ada yake. Mwana alipoona wiki zinapita akamfuata, akamsihi, na mwisho mama akamwuliza, "Mwanangu, waliudhika na tangi, au waliudhika na mimi?"

Binti aliyekata picha alilia aliposikia, na tunamsadiki kwamba hakukusudia kumtoa mtu. Alikusudia kulitoa tangi. Picha ya asili bado ilikuwamo katika simu yake. Wakaichapisha nzima, bila kupunguza hata unywele, na yeye na dada yake wakaipeleka wenyewe kwa mikono yao. Mama aliipokea, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akawaeleza kwamba tangi lile lilinunuliwa na marehemu mumewe mwaka aliofariki.

Wasomaji wetu, lililotokea katika uwanja ule limewahi kutokea mbele ya macho ya dunia nzima. Tarehe 24 Januari 2020, katika mji wa Davos huko Uswisi, wasichana watano wanaharakati wa mazingira walipigwa picha pamoja, milima yenye theluji ikiwa nyuma yao. Mmoja wao alikuwa Vanessa Nakate wa Uganda, naye ndiye aliyekuwa Mwafrika pekee kati yao. Alisimama mwisho wa safu, na nyuma yake palikuwa na jengo. Shirika la habari la Associated Press lilipoisambaza picha hiyo, Nakate hakuwamo. Wamebaki wanne, wote Wazungu, na milima ya theluji imebaki safi.

Nakate alipouliza hadharani kwa nini ameondolewa, shirika lilieleza kwamba mpiga picha alikuwa na haraka, na alikata kwa sababu ya mpangilio wa picha tu, kwa kuwa jengo lile lilivuta macho. Baadaye mhariri wake mkuu aliomba radhi. Nasi hatuna haja ya kumtuhumu mpiga picha kwa nia mbaya. Tukubali kwamba kweli alikuwa akilitazama jengo. Hapo ndipo lilipo fundisho lenyewe: mtu anaweza kumwondoa binadamu mzima katika kumbukumbu huku macho yake yakiwa juu ya ukuta. Nia yake ilikuwa uzuri, na kilichopotea kilikuwa ushahidi wa bara zima kwamba nalo lilikuwapo.

Watu wa Nyeri wana sababu ya kulielewa hilo upesi. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika Nyeri mwaka 1940, alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akawapandisha miti wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Miaka 16 baada ya tuzo hiyo, binti wa Kiafrika anayesemea misitu na hali ya hewa alikatwa katika picha ya wanaosemea misitu na hali ya hewa.

Na mlima wenyewe unayo historia iliyokatwa, nayo inatugusa sisi watu wa pwani. Vitabu vingi vya shule hutueleza kwamba wa kwanza kufika kilele cha Batian walikuwa Mwingereza Halford Mackinder na waongozaji wake wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, tarehe 13 Septemba 1899. Ni kweli. Lakini msafara uliowafikisha huko ulikuwa na Wazungu 6, Wakikuyu 96, waongozaji wawili wa Kimaasai, na Waswahili 66. Msafara ulikuwa na mpiga picha wake, Campbell Hausburg, na jina lake limebaki katika bonde moja la mlima, kama lilivyobaki la Mackinder katika bonde jingine. Ni nani kati yetu anayeweza kutaja jina moja la wale Waswahili 66 waliobeba mizigo? Walikuwa babu za watu. Hadithi ya mlima ikisimuliwa, kingo zake hukatwa palepale walipoanza wao.

Tukiyaweka mambo haya matatu pamoja, tunaona jambo moja. Anayekatwa aghalabu ni yule aliyesimama pembeni, na aliyesimama pembeni aghalabu ni yule ambaye hakuna aliyemwita katikati. Mkwe wa dini nyingine. Mke mwenza. Yatima anayelelewa katika nyumba. Dada wa kazi aliyeshinda jikoni. Bibi asiyesikia vizuri akaambiwa asogee, asisogee. Kwa hiyo mkasi wa simu mara nyingi hauanzi dhulma. Huimaliza tu ile iliyokuwa imeanza watu walipopangwa.

Basi dawa nayo huanza hapo. Kabla ya kupiga, mpiga picha asogee yeye. Hatua mbili za kushoto zingaliliondoa tangi la Nyeri, na kila mtu angalibaki. Watu wasogeleane, kama tunavyoambiana msikitini tuzibe mapengo ya safu, na aliye mwisho aitwe kwa jina lake aje ndani. Aliyepika asubirwe anawe mikono. Ikiwa picha ni ya kuchapishwa, iachwe nafasi pande zote, maana mashine haitamjua mtu aliye ukingoni.

Baada ya kupiga, mwenye kukata ajiulize maswali mawili. La kwanza: ninachokitoa ni kitu au ni mtu? Mbingu, nyasi, tangi na kamba ya nguo ni halali yake akate apendavyo, maadamu hapana mtu aliyesimama mbele yake. La pili: ikiwa ni mtu, je, namsitiri au namfuta? Anayesitiriwa hufurahi akijua. Anayefutwa huumia akijua. Ukiwa huwezi kumwambia usoni kwamba umemtoa na kwa nini, basi mrudishe, au usiitume. Na ile ya asili ihifadhiwe siku zote, kwa sababu kosa la mkato hutengenezeka maadamu kilichokatwa kingalipo.

Tunawanasihi hasa mabinti wetu wanaotunza picha za familia, ambao leo ndio waandishi wa tarikh ya nyumba zetu bila ya wenyewe kujua. Miaka hamsini ijayo mjukuu wa Nyeri au wa Mombasa atafungua picha hizo akitafuta sura ya bibi yake mzaa baba. Hatauliza kama mlima ulikuwa juu ya mstari wake. Atauliza yule ni nani, na huyu ni nani, na bibi yuko wapi. Suratu Luqman imetufunza kuishi kwa wema na wazazi hata wasipokuwa katika dini yetu, na katika wema huo ni kwamba sura zao zionekane katika siku za furaha za watoto wao. Ikiwa tangi jeusi litaonekana pamoja nao, liacheni lionekane.

Allah atujaalie macho yanayowaona walio pembeni, na mikono inayosita kabla ya kukata. Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.